Rob, Steal na Beseni la Kasulo

Baba Neema,

Neno "mpendwa" nimelijaribu mara mbili juu ya karatasi hii na mara mbili nimelikata, kwa hiyo tuanze bila hilo. Nakuita kwa jina la mtoto wetu kwa sababu katika vyote tulivyokuwa navyo pamoja, ni yeye tu ambaye hukumharibu. Na barua yenyewe sikuitia katika bahasha. Nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa kituo chetu cha lugha hapa Dilala, chini ya orodha ya walioomba kazi ya kufundisha Kiingereza. Jina lako ni la nne. Ukija kulitafuta kwa kidole, kishushe kidogo tu, utanikuta.

Naona unashtuka. Hukujua kwamba niko hapa. Ulimwandikia mkurugenzi, na mkurugenzi ni mgeni asiyejua habari za mtaa wetu wa Kasulo. Hukujua kwamba dosie zote za waombaji wa Kiingereza hupelekwa kwa madamu wa chumba cha mwisho, na madamu huyo ni mimi. Nililetewa Jumanne asubuhi nikiwa bado na chaki mkononi. Kabla sijaliona jina nilikuwa nimeshautambua mwandiko, ile "g" yako yenye mkia kama ndoano. Nilisoma nikiwa nimesimama. Umeandika kwa Kifaransa kisicho na kosa hata moja kwamba kwa miaka mitatu uliongoza darasa la Kiingereza huko Kasulo, darasa lililojulikana mtaa mzima kwa mbinu yake hai ya wanafunzi kurudia kwa sauti.

Uliongoza! Mbinu hai!

Nilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha kwanza akaja kuchungulia. Kisha kicheko kikaisha, nikabaki na hasira, na hasira hiyo nimelala nayo na kuamka nayo tangu Jumanne. Sina haraka ya kuachana nayo. Watu wa msamaha wapo wengi, wana makanisa na misikiti yao, na baadhi yao ni marafiki zangu. Mimi leo si mmoja wao.

Basi ngoja nikukumbushe hilo darasa uliloliongoza.

Ulinikuta nikiwa na lugha ambayo wewe hukuwa nayo. Baba yangu, Mungu amrehemu, alitoka Maniema akawa mtu wa malori, akavuka mpaka wa Zambia mara nyingi hadi akatupangia nyumba Ndola, na mimi nikasomea huko utoto wangu wote. Tuliporudi nchini, hapa Kolwezi, alifungua duka sokoni. Wewe ulikuwa mwalimu wa shule ya msingi, shati jeupe, kola imekwisha lakini imepigwa pasi. Ulikuja kununua betri za redio. Ulisimama mbele yangu ukasema, "How do you do, Mademoiselle," ukatoka jasho, ukasahau betri. Baadaye ulikiri kwamba sentensi hiyo uliifanyia mazoezi njia nzima. Nilikupenda kwa hilo. Nalisema wazi, maana kisasi si lazima kichanganywe na uongo: nilikupenda, na miaka ile ya kwanza ulinipenda pia.

Unakumbuka tulivyolianzisha? Nyumba ya marehemu mjomba wako, sebule tupu, sakafu ya saruji ambayo mimi mwenyewe niliipiga deki kwa magoti. Mabenchi uliyagonga wewe kwa mbao za masanduku. Ubao ulikuwa wa mbao za mlango wa zamani. Ulisaga makaa ya betri kuukuu, ukachanganya na majani ya viazi vitamu, ukaupaka mara tatu mpaka ukawa mweusi kabisa, na mikono yako ikabaki myeusi wiki nzima. Neema alikuwa anajifunza kutembea wakati huo, akakushika kidole akachafuka na yeye. Ulinipa chaki ya kwanza ukasema, "Madamu, kazi ni yako." Hilo nalo nimelitunza, usidhani nimetunza mabaya tu.

Wakaja watu watano, wakawa tisa, wakawa kumi na wanne. Madereva wa malori. Vijana wachimbaji kutoka Kasai waliotaka kuelewana na wanunuzi wa mawe. Mama Chantal muuza vitenge, anayevuka kwenda Zambia kila mwezi. Na Tata Kabwe, mzee aliyetumia maisha yake katika karakana za migodi, mwenye wajukuu Johannesburg wasiojua neno la lugha yoyote ya kwetu. Walikuwa wanampigia simu kila Jumapili. "Banacheka, Madamu," aliniambia siku aliyojiandikisha, "na miye minacheka, lakini hatucheki kitu moya." Alikuwa mwanafunzi mgumu kuliko wote niliowahi kufundisha. Alibishana na kila kanuni. Alitaka kujua nani aliyeamua kwamba "go" iliyopita iwe "went", na kama mtu huyo bado yuko hai aonywe.

Wakati huo Kasulo ilikuwa imeshaanza kujila. Watu walikuwa wamegundua kwamba mawe ya kobalti yako chini ya vitanda vyao, na kila mwenye uwanja akawa na shimo lake na turubai lake. Walichimba jikoni, walichimba chumba cha kulala, mtu akawa anapika juu ya ngazi ya watu wanaoshuka. Jirani yetu wa nyuma naye akafungua shimo. Wachimbaji wakakujia wewe pia. Nilikataa. Nilikuambia mbele ya mama yako: nyumba hii ina darasa ndani yake, nitakula bukari, ugali huu wetu, kwa chumvi tupu kabla haijatobolewa. Ukaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Mi naapa pa kichwa ya Neema," ulisema. "Hii nyumba, hakuna mutu atatoboya."

Nikalala usingizi.

Halafu ukaacha shule, ukawa mtu wa kushinda nyumbani, na ghafla ukalipenda darasa langu. Nilidhani ni upweke. Ulikuwa unakaa mlangoni kila saa kumi za alasiri na lile beseni la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu, alilotupa mama yangu siku ya harusi, tulilomwogeshea Neema. Ukaligeuza kifudifudi juu ya mapaja, ukashika mwiko wa bukari, ukawa unapiga. I go! Pa. You go! Pa. He goes! Pa, pa. "Kwa sauti, banafunzi! Batu ba barabara basikie!" Wanafunzi walipenda kufa. Madereva wa pikipiki walikuwa wanapunguza mwendo wapite wakicheka. Darasa likapata jina, likaitwa Darasa la Beseni, na watu wa mitaa mingine wakaja kuuliza kama kuna nafasi. Jioni moja nilikuwekea mkono begani nikakushukuru. Ukanijibu bila kunitazama, "Kazi ni yako, Mama Neema. Mi napiga paka ngoma, ngoma tu."

Nilidhani ni unyenyekevu.

Sasa najua, na watu wote wanaosoma ubao huu wajue pamoja nami. Shimo lilianzia kwa jirani, chini ya turubai lake, mahali ambapo macho yangu yamezoea. Njia yao ya chini kwa chini ikakata uwanja, ikapita choo, ikaingia chini ya sebule yangu. Wewe ndiye uliyewaruhusu. Asubuhi nilikuwa dukani kwa baba, wakapiga watakavyo. Alasiri nikirudi kulikuwa na tatizo moja tu, masikio yangu. Na dawa ya masikio yangu ulikuwa nayo: watu kumi na wanne wakipiga kelele kwa Kiingereza, na mume mwema akipiga beseni kwa mapigo yaleyale ya sururu zilizokuwa chini ya miguu yetu. Kikombe cha chai kilipotetemeka mezani ulisema ni malori ya kampuni yanapita barabara kubwa. Niliamini. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nawafundisha wengine methali hiyo.

Siku yenyewe naikumbuka kuliko siku niliyojifungua. Mama Chantal alikuwa amerudi kutoka Zambia bila mkoba. Vijana walimzunguka kituoni wakaondoka nao, naye akaenda kwa polisi kulalamika. Akawaambia, "They stole me." Polisi wakacheka mpaka wakashika meza. Alitusimulia akiwa na machozi, akataka kujua amekosea wapi, na mimi nikaacha somo nililokuwa nimeandaa, nikaandika maneno mawili ubaoni. Rob. Steal.

Nilieleza hivi. Sisi tuna mzizi mmoja, kuiba, na tukitaka kumtaja aliyeumia tunauongeza kidogo, kuibia. Waingereza wamegawa kazi hiyo kwa maneno mawili yasiyofanana hata sura. Steal huandamana na kitu kilichochukuliwa: they stole my bag. Rob huandamana na mtu aliyechukuliwa kitu, au na mahali: they robbed me, they robbed the shop. Ukitaka kutaja na kitu baada ya rob, unapitia kwa of: they robbed me of my bag. Ukiyabadilisha, mambo yanaharibika. Mama Chantal aliwaambia polisi kwamba wezi walimbeba yeye mwenyewe mabegani wakaenda naye. Darasa likaangua kicheko, na Mama Chantal akacheka pia, akapangusa macho kwa kitenge.

Mmoja wa wale vijana wa Kasai akanyoosha mkono. "Kumbe, Madamu, steal inaangalia kitu, rob inaangalia mutu?"

Nilimwambia amesema vizuri kuliko kitabu. Na wewe, Baba Neema, ukiwa pale mlangoni, ukaligeuza hilo kuwa wimbo. Steal, kitu! Pa. Rob, mutu! Pa. Darasa zima likakujibu. Uliongoza vizuri, siwezi kukunyima hilo.

Ndipo mtu akapiga mluzi kutoka kwenye ua wa jirani. Mara mbili. Ukaacha kupiga. Uliliweka beseni chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Neema alikuwa amekaa kizingitini anachonga penseli za wanafunzi. Ukasimama, ukanitazama, ukatabasamu.

"Muendelee," ulisema. "Minakuya."

Nilikutabasamia na mimi. Nikamwita Tata Kabwe ubaoni aandike sentensi ya Mama Chantal kama inavyotakiwa. Akaja akinung'unika, akaandika They, akaandika robbed, akageuka kuniuliza kwa nini kuna "b" mbili. Sakafu ilikohoa, nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyosikika, kikohozi kimoja cha kifua kikubwa, na upande wa ubao ukashuka. Ubao ulikwenda, benchi la mbele lililokuwa tupu likaenda, na Tata Kabwe akaenda navyo. Vumbi jekundu likajaa mpaka sikuona mikono yangu.

Wale vijana wa Kasai ndio waliomwokoa. Walijua mashimo. Walifunga vitenge vya Mama Chantal vikawa kamba, wakashuka wawili, wakampandisha. Nyonga ilikuwa imevunjika. Mkononi bado alikuwa amekamata chaki, na muuguzi ndiye aliyemfungua vidole.

Na huko chini hakukuwa na mtu. Hilo ndilo lililowafanya watu waanze kuulizana. Wachimbaji wote wa jirani yetu walikuwa wameshatoka, wamekaa juu wanavuta sigara, kwa sababu walisikia udongo unalia wakapigiana mluzi. Wa chini walionywa. Wewe ulionywa. Sisi wa juu tuliambiwa tuendelee.

Ulipoondoka na lori la mawe jioni ile, uliniachia nini? Uliniachia jina. Madamu Beseni. Mtaa wote ulikuwa na ushahidi: nani mwingine aliyekuwa anawapigisha watu kelele kila alasiri? Nani aliyekuwa anasema rudieni, rudieni? Watu waliokuwa wananiita mwalimu wakaanza kuvuka barabara wakiniona. Nilikwenda hospitali na uji kwenye chupa, mkwe wa Tata Kabwe, mke wa mwanawe mkubwa, akanisimamisha mlangoni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Uliyua, Madamu," alisema. "Mutu hawezi kulala juu ya shimo na asiyue."

Nilirudi na uji wangu. Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Neno moja lako lingetosha: hakuyua, mke wangu hakujua kitu. Hukuwa na haja ya kurudi, ungemtuma dereva yeyote. Nilisikia uko Likasi, nikasubiri. Nilisikia uko Kisenge kwenye machimbo ya manganizi, nikasubiri. Dada yako, uliyemwachia mtoto jioni ile, alinirudishia Neema na mfuko wa nguo zake, akaniambia kwamba wewe hujambo. Hicho ndicho kilichotoka kwako miaka yote hii, hujambo, tena cha kupokea kwa mkono wa mwingine.

Nilihamia Dilala, nikapanga chumba cha nyuma katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa migodi. Nilikaanga mikate barabarani kabla ya kupata mwanafunzi mmoja. Na unajua wa kwanza alikuwa nani? Tata Kabwe. Alikuja na magongo mawili, juu ya pikipiki ya taksi, dereva amemfunga kwa kitambaa asianguke. Alikaa kwenye ndoo yangu iliyogeuzwa.

"Mi nilikuwa pa tablo," akasema, yaani ubaoni. "Sentensi haikuisha."

Tukaimaliza pale, kwa mkaa juu ya ukuta wa mwenye nyumba. Me. Kisha akaniuliza mara moja tu kama nilijua. Nilisema sikujua. "Miye nakuamini," akasema. "Lakini muke ya mutoto wangu hakuamini, na ni yeye ananiogesha." Hajawahi kurudia swali hilo. Leo anaongea na wajukuu wake kila Jumapili, tena anawagombeza kwa Kiingereza.

Kwa miaka mingi nilikuachia mlango mdogo, Baba Neema. Nilijisemea labda ule mluzi ulikuwa wa jambo lingine. Labda ulitoka kwenda kuangalia, ukakuta mambo yamekushinda, ukaona aibu ukakimbia, na Neema akakufuata mwenyewe. Mwanao ndiye aliyeufunga mlango huo. Mwaka jana tulikuwa tunaosha vyombo, akasema bila kuinua kichwa, "Mama, siku ile baba alinivuta mukono. Alisema tuende tununue muwa." Nikamuuliza kama waliununua. "Hapana. Tulikimbia."

Kwa hiyo ulijua. Ulijua vya kutosha kumchukua mmoja. Uliwatazama watu kumi na sita wanaopumua, ukachagua mkono mmoja, ukatuachia tabasamu. Neema akaniuliza kama anapaswa kukushukuru. Nilimwambia ndiyo, amshukuru baba yake kwa ajili yake mwenyewe. Mimi nitabaki na deni la wengine, na mimi sikushukuru.

Sasa tuje kwenye kazi unayoitaka.

Unayakumbuka masomo ya majaribio, uliyafanya chuoni, ulinisimulia mara nyingi jinsi yalivyokukosesha usingizi. Kituo chetu kinafuata utaratibu uleule. Mwombaji anafundisha somo moja mbele ya wanafunzi halisi. Baadaye kila mtu aliyekuwemo, mwalimu na mwanafunzi, ana haki ya kumkosoa. Lakini kabla yao wote, mwombaji anasimama na kujikosoa mwenyewe kwanza. Anasema makosa yake kwa mdomo wake, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza mpaka amalize.

Kuchagua somo ni kazi yangu. Nimekuchagulia Rob na Steal, matumizi na mifano. Kuchagua wanafunzi ni kazi yangu pia. Nimewatafuta mmoja mmoja. Mama Chantal atafunga meza yake sokoni siku hiyo. Wale vijana wawili wa Kasai sasa ni wanaume wenye ndevu, mmoja ana lori, amesema atakuja hata ikibidi lilale barabarani. Tata Kabwe atakaa mbele na magongo yake. Na mkwe wake atakaa pembeni yake. Nimemwandikisha kama mwanafunzi wa siku moja, amekubali baada ya kukataa mara tatu. Yeye ndiye ninayetaka akusikie. Wengine wote wanajua au wanakisia. Huyo bado ananifungulia mlango nusu.

Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Akaniuliza kama hiki si kisasi. Nilimwambia ni kisasi, na pia ni somo la kawaida la mwaka wa pili, liko kwenye programu, aangalie. Akaangalia, likawepo. Nikamwambia sitatoa alama hata moja, walimu wenzangu wawili watakupima kwa haki, na ukifundisha vizuri wakupe kazi. Utakuwa unafundisha chumba cha pili na mimi cha mwisho. Tutasikiana kupitia ukuta. Nimeshalifikiria na hilo, nitalivumilia.

Mifano sitakuandalia. Utaitafuta mwenyewe mbele yao. Ukianza na steal, utahitaji kitu: darasa, kwa mfano, ambalo umeliandika kwenye dosie kwamba ni lako. Ukifika kwenye rob utahitaji mtu, na watu watakuwa wamekaa mbele yako, utachagua. Najua unavyopenda kuchagua.

Wahenga walisema za mwizi arobaini. Hawakusema aliyeibiwa ana siku ngapi, na mimi zangu nimezitumia zote nikifikiri ningekufanya nini nikikupata. Niliwahi kutaka uvunjike nyonga. Niliwahi kutaka Neema akusahau sura. Sasa ninachotaka ni kidogo kuliko hicho, na kwako ni kizito zaidi: useme lile neno moja, hakuyua, kwa sauti, kama ulivyotufundisha, mbele ya mwanamke mmoja ambaye hata jina lake hulijui.

Unaweza usije, mlango haujafungwa kwa nje. Lakini ukijificha, barua hii itabaki hapa ubaoni, na muhula ujao nitawapa wanafunzi wa mwaka wa tatu waitafsiri kwa Kiingereza, aya kwa aya, na wale wazembe nitawapa wairudie. Utajulikana katika lugha mbili. Mtenda akitendewa hujiona kaonewa, kwa hiyo lalamika tu, nimezoea kelele.

Beseni ninalo. Neema ananiambia kila siku nilitupe. Lilitolewa kwenye kifusi na kijana mmoja, ukingo umebanduka rangi sehemu tatu, lakini bado linalia vizuri. Nitaliweka mezani pamoja na mwiko. Ukitaka wanafunzi warudie, piga, hakuna atakayekuzuia. Chumba kiko juu ya ardhi ngumu, nimeikagua mwenyewe kwa nyundo, pembe hadi pembe.

Ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Sikuagi kwa heri, kwa sababu na wewe hukuniaga. Ulituambia tuendelee, kwamba unakuja, Baba Neema. Tumeendelea.

Sasa kuya.

Mimi, mama wa mtoto uliyemvuta mkono, na mwalimu wa wale uliowaacha.